Kampuni ilinipeleka Njombe, mjomba ana duka: niwaambie wakulima yapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninaendesha blogu ya kilimo nikiwa hapa Uyole, Mbeya. Naandika kuhusu mahindi, viazi mviringo na parachichi, na wakulima wengi wananisoma kwenye simu. Kampuni moja ya mbegu ilinipa mifuko miwili ya mahindi nijaribu, baadaye ikanipeleka Njombe siku mbili kuona mashamba yake. Usafiri, gesti na chakula vyote juu yao. Sasa wanataka kunipa namba ya punguzo: kila mkulima atakayenunua akiitaja, mimi napata kamisheni. Hawajawahi kuniambia nisifie. Tena mjomba wangu ana duka la pembejeo Mwanjelwa, na mimi mwenyewe nina kitalu cha miche ya parachichi. Je, yote haya lazima niyaseme? Nitayasemaje bila kuonekana nimenunuliwa? Mwenzangu ananionya kwamba nikianza kujianika hivyo, hakuna kampuni itakayonitafuta tena.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Yaseme yote uliyonitajia, na uyaseme kabla hujatoa ushauri. Lakini hayalingani uzito. Na moja kati yake, hata ukilitangaza kila siku, halitakaa sawa; hilo nitakushauri ulikatae.

Tuanze na yule anayekusoma. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini mvua ni msimu mmoja. Mkulima wa Mbozi au Wanging'ombe anapanda Novemba au Desemba, na akikosea mbegu hana msimu wa pili wa kumfidia kama wenzake wa kaskazini wenye vuli na masika. Atasubiri mpaka mwaka mwingine, na watoto watasubiri ada. Kwenye parachichi hali ni nzito zaidi, maana mche uliobebeshwa ovyo, au ulionunuliwa kwa jina la Hass, ile aina maarufu ya parachichi, kumbe siyo, hutaujua hadi mti uanze kuzaa, na hapo mtu ameshamwagilia, ameshaweka samadi na ameshapalilia kwa miaka mitatu au minne. Anayesoma sifa za simu mpya akidanganyika amepoteza bei ya simu. Huyu wa kwako anaweka msimu mzima kwenye neno lako, na ana haki ya kujua neno hilo limetokea wapi.

Kipimo ninachokitumia ni swali moja: mkulima huyu angelijua jambo hili, angeyapima maneno yangu tofauti? Kama jibu ni ndiyo, au hata pengine, lisemwe. Kipimo hiki hakikuanzia kwangu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ilipofanyia marekebisho miongozo yake ya matangazo mwaka 2009 iliwataja wanablogu waziwazi, na mwaka 2023 ikaifanyia marekebisho mengine. Msingi wake ni kwamba uhusiano wowote kati ya anayesifia bidhaa na anayeiuza, ambao msomaji asingeutarajia na unaoweza kubadili uzito wa sifa hizo, uwekwe wazi. Fedha imo, bidhaa ya bure imo, safari imo, ajira imo, undugu nao umo. Na zingatia hili kwa sababu umenigusia: kutoambiwa usifie hakukuondolei wajibu. Mfuko wa mbegu wa bure ni wa bure hata kama aliyekupa alikaa kimya.

Hiyo ni miongozo ya kwao, haikubani wewe uliye Uyole. Ya kwetu ni haya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo msimamizi wake ni Tume ya Ushindani, inakataza mtu aliye katika biashara kufanya jambo linalompotosha mlaji au linaloweza kumpotosha. Wewe una kitalu, kwa hiyo unapoandika kuhusu miche uko kwenye biashara, huwezi kusema ni mwandishi tu. Halafu kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilizowataka wenye blogu wawe na leseni. TCRA wana ofisi ya kanda hapo hapo Mbeya. Kama hujaweka sawa jambo hilo, nenda uwaulize ana kwa ana. Na vyote unavyopokea kwa ajili ya kazi hii, fedha taslimu na visivyo fedha, viandike kwenye daftari kwa thamani yake, maana Mamlaka ya Mapato, TRA, wakikuuliza kipato chako, vitu navyo ni kipato.

Sasa uzito. Watu wengi wanaouliza swali kama lako wanaanza na safari, kwa sababu safari ndiyo inayoonekana. Mimi naanza na kitalu chako.

Mifuko miwili ya mbegu imekwisha, safari ya Njombe imekwisha. Kitalu kipo kila siku, na kila unapoandika kwamba parachichi linalipa, kuna mtu anakuja kununua mche. Hata ukiandika ukweli mtupu kuhusu bei ya parachichi, unaandika kama muuzaji. Na hatari yake haikai kwenye yale unayoyaandika tu, ipo pia kwenye yale ambayo kalamu inayaruka: kwamba mwaka fulani wanunuzi walichelewa na matunda yakaozea mitini, kwamba shamba lisilo na maji ya uhakika kiangazi litamtesa mwenyewe, kwamba ekari nzima ya miche inahitaji mtaji ambao mjane wa Igurusi hana. Ukiwa na miche mingi inayosubiri mnunuzi, mambo haya yatakuja kichwani kwa shida. Ndiyo maana kila andiko lako la parachichi, hata lile linalohusu magonjwa ya majani tu, lianze na sentensi kama hii: "Mimi ninauza miche ya parachichi, nina kitalu Uyole. Nikikushauri upande, jua kwamba napata faida ukinunua kwangu. Linganisha na afisa ugani wa kata yako kabla hujaamua." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Kumwambia mtu una maslahi bila kumwonyesha pa kupata neno la pili ni kumwachia mzigo ambao hana mahali pa kuutua.

Safari ya Njombe ina uzito wa kati, lakini ina mambo mengi ndani yake kuliko nauli na gesti. Nimehariri kurasa za kilimo na biashara muda mrefu na ziara hizi nazifahamu. Mnafika shambani saa nne, jua zuri. Shamba liko kando ya barabara, limepaliliwa mpaka linang'aa, kila mstari una kibao chenye jina la mbegu. Mwenye shamba amesimama na fulana ya kampuni na kofia ya kampuni. Muhindi umeshamenywa nusu ili mwone punje zilivyojaa hadi nchani. Mnapiga picha, mnauliza maswali, mnajibiwa vizuri kwa sababu wataalamu wao kweli ni wataalamu. Hakuna aliyedanganya. Ila hilo ni shamba walilolichagua wao. Limewekewa mbolea ya kupandia na ya kukuzia kwa wakati na kwa kipimo, limepigwa dawa ya viwavijeshi, na pengine liko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mkulima wako wa Usangu yuko chini sana ya hapo, joto lake ni lingine, mvua yake ni nyingine, na mbegu inayochelewa kukomaa iliyompendeza mtu wa Njombe inaweza kumwacha yeye na mabua wakati mvua imeshakata.

Kwa hiyo unapoweka wazi safari hiyo, usiishie kwa aliyelipa. Sema pia nani alichagua ulichokiona. Andika hivi: "Kampuni ya mbegu inayotajwa hapa ilinisafirisha hadi Njombe, ikanilipia malazi ya siku mbili na chakula. Mashamba niliyoyaona waliyachagua wao. Sikuona shamba la mkulima wa kawaida aliyenunua mbegu hii kwa fedha yake." Sentensi hiyo ya tatu ndiyo yenye faida kubwa kwa msomaji. Na ikikuuma kuiandika, kuna tiba: rudi Njombe, au nenda hata Mbalizi, kwa nauli yako, mtafute aliyeinunua mwenyewe dukani, mkae naye. Hapo utaandika kwamba umeona shamba la pili, na andiko lako litasimama imara zaidi.

Mifuko miwili uliyopewa kujaribu, iseme kwa namna hiyo hiyo, pamoja na ukubwa wa jaribio lenyewe. "Nilipewa bure, nikapanda kwenye kipande kimoja, msimu mmoja, udongo wa Uyole." Kisha andika matokeo hata kama hayapendezi. Hapa wengi ndipo wanapokwama. Mbegu ikiota vizuri wanaandika na wanakiri walipewa. Ikiota kwa mapengo wananyamaza, wanajiambia si vizuri kumwaibisha aliyekupa zawadi. Ukimya wa namna hiyo ni upendeleo ambao hakuna tamko linaloweza kuurekebisha, kwa sababu hakuna andiko la kuwekea tamko. Ukishapokea mbegu kwa ajili ya kuijaribu, umejifunga kutoa majibu kwa wakulima. Kama hutaki kifungo hicho, nunua mbegu mwenyewe. Mifuko miwili haitakufilisi, na utaandika ukiwa huru.

Sasa kamisheni, ambayo ndiyo nakuomba uikatae.

Sababu yake iko kwenye namna inavyolipwa. Kamisheni inaingia siku mkulima anaponunua; haingoji avune. Ukishaweka namba yako ya punguzo, kila mkulima anayekuuliza "mwalimu, mbegu ipi itanifaa?" anakuuliza wewe ambaye una jibu moja lenye malipo na majibu mengine yote hayana kitu. Utajitahidi kuwa mwaminifu, sina shaka nawe. Lakini utafiti unaonyesha kwamba juhudi hiyo ina mipaka, na kwamba kutangaza maslahi peke yake hakuisaidii kama tunavyodhani. Mwaka 2005 watafiti watatu wa Marekani, Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore, walichapisha jaribio lao. Mtu mmoja alikadiria thamani ya sarafu zilizojaa kwenye mtungi. Mwingine, aliyeuona mtungi kwa karibu zaidi, alimshauri. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi pale makadirio yalipokuwa ya juu. Washauri hawa walipolazimika kutangaza maslahi yao, hawakupunguza kupotosha. Waliongeza kuliko wale wasiotangaza. Na waliopewa ushauri, ingawa waliambiwa, hawakupunguza uzito wa ushauri ule vya kutosha.

Fikiri maana yake kwako. Ukishasema "napata kamisheni," moyo unatulia, unaona deni umelilipa, na kalamu inakuwa nyepesi kusifia. Mkulima naye anasoma tamko, anaona huyu kijana ni mkweli, anakuamini zaidi. Wote wawili mmetoka mahali pabaya zaidi kuliko mlipoanzia. Sisemi kwamba kutangaza hakuna maana; kukaa kimya ni kubaya na hakuna utetezi. Nasema kuna maslahi ambayo dawa yake ni kutokuwa nayo, na kamisheni ya mbegu, mbolea na viuatilifu kwa mtu anayewashauri wakulima ni mojawapo. Isitoshe, ile kamisheni haitoki hewani, imo kwenye bei ya mfuko. Mkulima wa viazi wa Makete anayejua kuumizwa na lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, atakuelewa mara moja ukimweleza kwamba kuna kitu analipia bila kukiona.

Badala yake waambie wanunue nafasi ya tangazo. Bei moja, muda maalumu, wauze mifuko kumi au elfu kumi wewe unapata kile kile. Juu ya tangazo liandikwe TANGAZO kwa herufi kubwa, na maneno yawe ya kwao, yasiwe na sauti yako. Tangazo lililo wazi ni biashara halali na halina aibu; magazeti yameishi hivyo tangu zamani. Hata hapo, andiko lako la wiki ile likitaja mbegu za kampuni hiyo hiyo, kumbusha kwamba wana tangazo kwako.

Kama hata baada ya haya utaamua kuichukua kamisheni, basi taja kiasi. "Napata shilingi 1,000 kwa kila mfuko utakaonunua kwa namba hii" ni kauli ambayo mkulima anaweza kuifanyia hesabu. "Napata kitu kidogo" haimsaidii. Uliwahi kusikia kisa cha Kim Kardashian na sarafu ya kidijitali ya EthereumMax? Chapisho lake la Instagram lilikuwa na alama ya kuonyesha ni tangazo. Hata hivyo Oktoba 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, ilitangaza kwamba amekubali kulipa dola milioni 1.26, kwa sababu hakusema kwamba alilipwa dola 250,000. Sheria yao ya dhamana inamtaka anayelipwa kutangaza dhamana ataje malipo hayo, na kiasi chake kikiwamo. Waliona kwamba fedha ya mtu inapowekwa kwenye hatari, kusema "hili ni tangazo" hakutoshi. Na mkulima anayenunua mbegu na mbolea kwa mkopo wa kikundi yuko kwenye hatari ya aina hiyo hiyo.

Kuhusu mahali na namna ya kusema: juu kabisa, kabla ya aya ya kwanza ya ushauri. Usiiweke mwisho, wala usitengeneze ukurasa mmoja wa "kuhusu mimi" ukadhani umemaliza, maana msomaji wako hafiki huko. Yeye anapokea kipande kilichopigwa picha kwenye kioo cha simu, kikarushwa kwenye kundi la WhatsApp la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kikarushwa tena kwenye kundi la ukoo. Tamko lililo mbali na ushauri linakatika njiani. Kwa hiyo ukitaja mbegu katikati ya andiko refu, rudia kwa maneno machache hapo hapo: "(hawa ndio walionipeleka Njombe)". Kama unarekodi sauti au video, litamke kwa mdomo, mwanzoni, kwa mwendo ule ule unaoutumia kueleza nafasi za kupandia. Wapo wanaokusikiliza wakiwa na jembe mkononi, hawana muda wa kusoma maandishi madogo chini ya video. Na kama unaongea na wazee wa Rungwe kwa Kinyakyusa, litamke kwa Kinyakyusa.

Achana na maneno ya kuzunguka. "Shukrani kwa wadau wetu," "kwa hisani ya," "kwa kushirikiana na marafiki zetu": hayo mkulima anayasikia kwenye kila mkutano wa hadhara na hayamwambii kitu. Sema "nimelipwa," "nimepewa bure," "ni mjomba wangu," "ni mali yangu." Mwaka 2015 duka la nguo la Lord & Taylor la Marekani liliwalipa watu 50 maarufu wa Instagram kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, likawapa na gauni, wakalivaa na kupiga picha kila mtu kwa namna yake. Gauni likaisha madukani. Waliokuwa wanatazama waliona watu 50 wamependa gauni moja. Hakuna aliyewaambia kwamba wamelipwa. Mwaka uliofuata duka hilo lilifikia makubaliano na FTC kuhusu shauri hilo. Hakuna uongo uliosemwa kwenye zile picha. Kilichokosekana ni lile neno moja, "nimelipwa."

Kuna jambo la kwetu ambalo miongozo ya Marekani hailijui, nalo ni ukarimu. Ukimtembelea mkulima Ludewa, hutaondoka mikono mitupu. Atakufungia mahindi mabichi, au debe la viazi, na ukikataa umemtukana yeye na mke wake. Pokea, shukuru, kula. Huyo hakununui, na wala huandiki kuhusu bidhaa anayoiuza kwa umma. Fulana na kofia ya kampuni nazo sitakusumbua nazo, ingawa ningependa usizivae ukiwa kwenye video za ushauri. Bahasha ni jambo lingine. Unaijua ile inayotolewa mwisho wa semina kwa jina la nauli ya waandishi, hata kwa waliotembea kwa miguu kutoka mtaa wa pili. Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1995, lina maadili yanayomkataza mwandishi kupokea rushwa na vishawishi, na mwanablogu asijifiche nyuma ya kusema yeye si mwandishi wa habari. Kama kweli umetumia nauli, omba urudishiwe nauli halisi, weka tiketi ya basi, na uandike kwamba walikurudishia. Kilichozidi nauli kirudishe siku ile ile, kwa upole, mbele ya mtu wa pili.

Rudi pia kwenye maandiko yako ya nyuma. Andiko la ziara ya Njombe najua bado liko hewani, na watu wataanza kulitafuta mvua zikikaribia. Usilifute. Weka juu yake mstari wenye tarehe: "Nyongeza: nilipoandika haya sikusema kwamba kampuni ndiyo iliyogharamia safari yangu." Yale ya parachichi yafanyie vivyo hivyo, moja baada ya jingine, hata kama yatakuchukua wiki nzima.

Mwenzako anasema kampuni zitakukimbia. Baadhi zitakukimbia, ni kweli, na sitakudanganya kwamba kipato chako hakitapungua kwa muda. Kuendesha blogu kunagharimu vocha, simu, nauli za mashambani na ada, na najua ni kwa sababu hiyo watu wanapokea chochote kinachokuja. Ila zungumza na kampuni mapema, kabla hawajakata tiketi, ili asiwepo wa kushtuka. Waandikie: "Nashukuru kwa mwaliko. Nikija, nitawaambia wasomaji kwamba mmenigharamia. Andiko langu halitapitishwa kwenu kabla ya kutoka, lakini nitawauliza takwimu ili nisikosee. Kama mnahitaji tangazo, bei zangu ni hizi." Kampuni yenye mbegu nzuri na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye kila mfuko haina cha kuogopa kwenye barua hiyo. Ikijibu kwamba haitaki utaje safari, imekueleza kile ilichokuwa inanunua.

Limebaki la mjomba. Hapa sheria ni rahisi, ugumu uko nyumbani. Ukitaja duka lake, taja na undugu. Ukiorodhesha maduka ya Mwanjelwa yenye mbegu fulani, taja na mengine, na kwenye lake andika ni la mjomba wako. Na kuna sehemu moja ambayo huenda hujaiwazia: ukiandika kuhusu mbolea feki au mbegu zilizopitwa na wakati kwenye maduka ya mjini, mjomba anafaidika hata kama hukumtaja kabisa, kwa sababu hao uliowaandika ni washindani wake. Kwa habari ya namna hiyo, tamko la undugu liende juu kabisa, na ushahidi wako uwe mzito mara mbili. Duka lake nalo ulipime kwa kipimo kile kile ulichowapimia wengine, au habari hiyo umpe mtu mwingine aiandike.

Lakini asije akalisoma jambo hili kwenye simu ya mteja. Nenda ukamwone jioni akishafunga hesabu, umwambie kwa heshima kwamba kuanzia sasa ukiandika kuhusu duka utasema ni la mjomba wako, na umweleze sababu. Huenda akacheka akasema hilo ni tangazo la bure. Huenda akakuuliza kwani duka lina aibu gani mpaka ulitangazie undugu, na shangazi naye akaingilia kati. Msikilize amalize. Akikataa katakata undugu wenu usitajwe, usibishane naye dukani. Acha kulitaja duka lake moja kwa moja, kwa jema na kwa baya, na wakulima wakikuuliza wakanunue wapi Mwanjelwa, wape majina ya maduka mengine.